Nilitaka kuwa mkutubi, mbona nimepelekwa masjala?

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa pili wa stashahada ya ukutubi na taarifa katika chuo kimoja hapa Tanzania. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui nigeukie wapi.

Niliingia kozi hii kwa kupenda vitabu. Sekondari nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokabidhiwa maktaba ya shule, na tangu hapo nikajua nitakuwa mkutubi. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulifundishwa kuandaa katalogi, kupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaovipa namba kufuata mada, na kuhudumia wasomaji, na darasani sikuwa nyuma. Mwaka huu wametuletea menejimenti ya kumbukumbu. Sasa kila siku ni jalada, folio (karatasi yenye namba ndani ya jalada), dokezo (maelezo ya ndani ya ofisi), masjala ya wazi, masjala ya siri, muda wa kuhifadhi, taratibu za kuteketeza. Vitabu sivioni tena. Kwenye jaribio tuliulizwa tutapangaje kumbukumbu za idara iliyofutwa. Nikaeleza kwa kirefu kwamba nitazisoma zote, nitazigawa kwa mada, kisha nitazipa namba za Dewey. Mwalimu akanipa sifuri kwenye swali hilo, akaandika pembeni: "Hapa umeharibu ushahidi." Mpaka leo sijamwelewa, na kumuuliza naona aibu.

Hivi sasa niko mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wamepangiwa maktaba za mikoa na za vyuo, mimi nimepangiwa masjala ya halmashauri. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, alikuja mjini kwa shughuli zake akanikuta kwenye korido nimejaza majalada mikono yote miwili nayapeleka kwa mkuu wa idara. Jioni akampigia mama simu, akasema hela yake inasomesha tarishi. Anataka nihamie uhasibu kabla dirisha la kuhama halijafungwa mwezi ujao.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Nyuma ya masjala kuna stoo imejaa majalada ya zamani yaliyorundikwa chini, na mchwa wameshaanza kuingia. Afisa mmoja amesema chumba hicho kinatakiwa kwa ajili ya kompyuta mpya, hivyo wiki ijayo sisi wawili wa mafunzo tuyatoe tukayachome nyuma ya jengo. Juzi nilifungua moja nikakuta barua ya mwaka 1984 ya kumwajiri mwalimu. Mzee anayesimamia masjala, ambaye anajua kila jalada lilipo bila kuangalia popote, amenyamaza. Anastaafu Desemba na anasema hataki ugomvi na mtu.

Mama, maktaba na mafaili vinahusiana nini? Nihame? Na haya majalada, mimi mwanafunzi tu, nifanyeje?

Jina kapuni

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanzia mwisho wa barua yako. Habari ya kuhama kozi ina mwezi mzima mbele yake, lakini wiki ijayo si mbali.

Majalada hayo hayachomwi kwa amri ya mdomo. Tunayo Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, nayo inazihusu ofisi za umma, halmashauri zikiwamo. Kumbukumbu ya umma haiteketezwi bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, idara iliyo chini ya Ofisi ya Rais upande wa utumishi wa umma. Kuteketeza bila idhini ni kosa. Kwa hiyo kilichokunyima usingizi ni jambo la kweli, na nimefurahi sana kwamba limekunyima usingizi.

Hata hivyo usimkabili afisa huyo kwenye korido kumwambia anavunja sheria. Wewe ni mgeni pale, na inawezekana kabisa hajui. Nimekutana na viongozi wengi waadilifu ambao hawajawahi kuisoma sheria hii, na kwao stoo ni stoo tu. Andika dokezo fupi kwa mzee wako wa masjala, ili alipitishe kwa mkuu wa idara ya utawala na rasilimali watu. Sema umeelekezwa kushiriki kuyaondoa majalada ya stoo. Sema unaomba kwanza iandaliwe orodha yake na ipatikane idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kisha sema kwamba wewe na mwenzako mko tayari kuiandaa orodha hiyo ndani ya muda wenu wa mafunzo. Maneno haya ya mwisho yatakusaidia kuliko yote yaliyotangulia, maana bosi mwenye shida ya chumba anataka kusikia chumba kitapatikana lini. Dokezo hilo lipewe namba ya folio ndani ya jalada linalohusika, wala lisibaki mezani kama kipande cha karatasi. Likishakuwa folio, kila atakayelifungua jalada hilo baadaye ataona nani alionya, lini, na nani aliamua nini. Siku hiyo hiyo mwandikie msimamizi wako wa chuo umjulishe. Usimpigie tu simu.

Mzee wako anasema hataki ugomvi, nami namwelewa. Dokezo la mwanafunzi likipita mkononi mwake halimgombanishi na yeyote, yeye analipitisha tu kama kazi yake inavyomtaka. Huenda hata likampa nafasi ya kusema aliyoshindwa kusema.

Naomba sana usichukue hata karatasi moja kwenda nayo hosteli kwa nia ya kuiokoa, na usipige picha ya kilichomo ndani ya majalada ya watu. Jalada la mtumishi lina ugonjwa wake, ndoa yake, adhabu aliyopewa na barua aliyoandika akiwa na hasira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inakuhusu hata wewe. Picha moja ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa lenu, nia yako njema haitakutetea.

Wala usidhani nakwambia kila karatasi itunzwe milele. Ofisi isiyoteketeza chochote nayo inaua kumbukumbu zake, kwa sababu cha maana kinazama ndani ya takataka. Nakala za ziada, mialiko ya vikao vilivyokwisha kitambo, fomu tupu zilizopitwa na wakati, hivyo vina muda wake kwenye mwongozo wa kuhifadhi na kuteketeza, na muda ukifika vinaondoka kwa utaratibu. Yale ambayo hayaitwi tena kila siku lakini bado yana kazi ndiyo tunayaita kumbukumbu tuli, na serikali ina kituo cha taifa cha kuyahifadhi Dodoma. Machache yenye thamani ya kudumu yanakuwa nyaraka za taifa. Na orodha ya vilivyoteketezwa, ikiwa na saini na tarehe, yenyewe inabaki, maana miaka ishirini mbele mtu atauliza na itabidi ajibiwe. Wakati mnasubiri majibu, yainueni majalada kutoka sakafuni. Vichaga vya mbao vinatosha, mbali kidogo na ukuta. Mchwa hawasubiri idhini ya mtu.

Sasa huyo mwalimu wa 1984. Umesema umeiona barua yake ya kuajiriwa, lakini hukusema ulijisikiaje ulipoishika. Mtumishi wa nchi hii akifikia kustaafu anaulizwa barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo. Ikikosekana moja anaambiwa arudi alikoanzia kazi akaitafute, naye anapanda basi na bahasha yake hadi kwenye masjala kama hiyo yenu. Aliyeajiriwa 1984 huenda ameshalipwa. Huenda pia amefariki na wajane na watoto wanahangaikia mirathi. Wewe hujui, mimi sijui, na afisa anayetaka chumba naye hajui. Kwa nini basi tuamue kwa kiberiti?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na wazee waliokuwa wakiifanyia kazi, wa reli, bandari, posta na shirika la ndege, walidai mafao yao kwa miaka na miaka. Kila walipokwenda walitakiwa waonyeshe waliajiriwa lini na kwa cheo gani. Mwaka 2017 nako, Aprili, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilitaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokata rufaa na kurudishwa kazini. Mtu wa namna hiyo hana kitu cha kusimama nacho isipokuwa karatasi iliyotunzwa na mtu asiyemjua.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko huo, nenda Kenya. Mwaka 2009 wazee waliopitia kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Mwaka 2011 serikali hiyo ikakiri kwamba ilikuwa na majalada yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru, takriban 1,500, yaliyofichwa miaka yote katika jengo la serikali liitwalo Hanslope Park. Mengine mengi yalikuwa yamechomwa makoloni kabla bendera haijashushwa. Hayo yaliyobaki yalionyesha maofisa wa wakati ule walijua nini kuhusu mateso ya kambini. Juni 2013 Uingereza ilitangaza kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Waliochoma walijua vizuri kabisa jalada lina nguvu gani, ndiyo maana wakachoma. Sisi tunachoma yetu wenyewe kwa ajili ya kupata nafasi ya meza.

Nije kwenye sifuri yako. Mwalimu wako alikuwa sahihi, ingawa angekaa nawe dakika kumi akakueleza.

Chukua kitabu kuhusu kilimo cha korosho. Ukikikuta maktaba ya Mtwara au maktaba ya Mwanza, ni kitabu kile kile. Kina mwanzo wake na mwisho wake, kimeandikwa ili kisomwe na yeyote, na nakala yako ikiungua nyingine zipo. Ukikiweka karibu na vitabu vingine vya korosho umemsaidia msomaji. Mfumo wa Dewey umezaliwa kwa kazi hiyo na unaifanya vizuri.

Sasa chukua karatasi iliyotoka kwenye jalada la korosho la ofisi ya kilimo. Imeandikwa: "Nimekubali. Malipo yafanyike." Kuna saini na tarehe. Peke yake inakuambia nini? Amekubali nini, malipo ya nani, kwa ushauri wa nani? Majibu yako kwenye folio iliyo chini yake, kwenye barua ya chama cha ushirika, na kwenye dokezo la mhasibu aliyeshauri wasilipe. Folio 22 inaieleza folio 21. Ukizitenganisha, moja ukaipeleka kwenye mada ya ushirika, nyingine fedha, nyingine korosho, karatasi zote zipo lakini uamuzi umepotea. Hakuna tena anayeweza kuonyesha nani alimwambia nani nini kabla fedha hazijatoka. Huko ndiko kuharibu ushahidi alikokuandikia mwalimu, na ungekuwa umeuharibu kwa mikono safi, kwa bidii, kwa kufuata ulichofundishwa mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo kumbukumbu za idara iliyofutwa unazipokea kama familia moja. Huzichanganyi na za idara nyingine hata kama zote zinazungumzia korosho, na ndani yake unaheshimu mpangilio ulioachwa na masjala iliyozizaa. Hilo la kutochanganya familia Wafaransa waliliandikia waraka rasmi mwaka 1841, baada ya kuona watunza nyaraka wao wakizichambua kwa mada na kuzivuruga, na leo linafuatwa sehemu nyingi duniani. Mkutubi anauliza kwanza, kitu hiki kinahusu nini? Mtunza kumbukumbu anauliza kwanza, kimetoka wapi na kilifanya kazi gani? Swali hilo la pili ulikuwa hujafundishwa, ndiyo maana jibu lako lilikuwa zuri kwa mtihani mwingine. Nenda kamuulize mwalimu. Aibu yako haina sababu, na mimi niliyefundisha naweza kukuhakikishia kwamba walimu tunawakumbuka kwa wema wanafunzi wanaorudi kuuliza swali walilokosa.

Umeuliza maktaba na mafaili vinahusiana nini. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira la nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Kazi ya kwanza kutajwa ni kutafuta kumbukumbu, nyaraka au mafaili yanayohitajiwa na wasomaji. Ndiyo, wasomaji, neno lile lile ulilolizoea maktaba. Mkuu wa idara uliyempelekea majalada ni msomaji wako. Mjane anayefuatilia mafao ni msomaji wako. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka kanuni zake tano za ukutubi, na mojawapo inataka tumwokolee msomaji muda wake. Nani anahitaji kuokolewa muda zaidi ya mama aliyesafiri siku nzima kutafuta barua moja? Ujuzi uliojifunza mwaka wa kwanza, wa kukieleza kitu kwa namna ambayo asiyekijua atakipata, masjala inauhitaji kuliko maktaba. Kitabu kimeandikwa jina lake ubavuni, jalada halina hilo mpaka wewe ulipe jina. Jalada lililoandikwa "Mambo Mengineyo" limezikwa likiwa hai.

Vyuo navyo vililiona hilo. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963, na leo wanafunzi wake wanasoma kumbukumbu na nyaraka pamoja na ukutubi. Bagamoyo, chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kinafundisha ukutubi na nyaraka chini ya paa moja. Hakuna aliyekudanganya kwenye kozi yako. Pengine hakuna aliyekueleza tu.

Na kama moyo wako uko kwenye maandishi ya zamani, siku ukifika Dar es Salaam nenda Upanga, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa. Zipo kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zilipoandikwa zilikuwa barua za kawaida za ofisi, zimepokelewa, zimepewa namba, zimefungwa kwenye jalada na karani ambaye hatumjui. Leo mtafiti wa vita vya Majimaji anazihitaji kuliko kitabu chochote, kwa sababu vitabu vyenyewe vilitokana nazo.

Kuhusu mjomba. Mheshimu, anatoa jasho lake kwa ajili yako, na hofu yake ina msingi. Masjala imekuwa ikidharauliwa ofisini kwa muda mrefu. Watumishi waliokosana na wakubwa walikuwa wakihamishiwa huko kama adhabu, nami nimeliona hilo kwa macho na bado linanikera. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, sitakuficha. Usimjibu kwa simu, na usimtume mama akusemee. Nenda umsalimie, ukae naye, umuulize kama ana hati ya kiwanja au shamba. Kisha umuulize, hati hiyo ikiungua leo, ataithibitishaje? Atakwambia ataenda ofisi ya ardhi. Hapo umwambie kwamba kwenye ofisi hiyo ya ardhi atakutana na mtu wa kazi yako, na kwamba matangazo ya ajira ya Msaidizi wa Kumbukumbu yamekuwa yakitaja fani za afya, masjala, mahakama na ardhi. Hospitali haimtibu mgonjwa wa kudumu bila jalada lake. Mahakama haisikilizi rufaa bila mwenendo wa kesi ya chini. Benki, migodi, vyuo vikuu na mifuko ya hifadhi ya jamii wote wanahitaji mtu wa kuwatunzia.

Hapa nina angalizo ambalo nataka ulichukue kwa uzito. Kabla ya kuamua lolote, soma matangazo ya ajira ya mwaka huu na uliopita uone yanataka cheti chenye jina gani. Tangazo la mkutubi linataka ukutubi. La kumbukumbu mara nyingi linataka stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu au masjala, na waajiri wengine hawatazami masomo uliyosoma ndani, wanatazama jina lililoandikwa juu. Kamuulize mratibu wa kozi jina litakalokuwa kwenye cheti chako, na kama kuna mchepuo wa kumbukumbu unaoweza kuuchagua mwaka wa mwisho. Ukiona moyo umeelekea huko moja kwa moja, Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha menejimenti ya kumbukumbu. Uhasibu ni kazi nzuri pia, lakini katika barua yako yote hukuandika sentensi hata moja inayoonyesha unaupenda. Uliandika aya nzima kuhusu majalada ya watu usiowajua.

Usiogope kompyuta mpya, na usiziache mikononi mwa wasiojua jalada ni nini. Serikali inahamia kwenye ofisi mtandao, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Ila kupiga skani rundo lisilo na mpangilio kunazaa rundo jingine lisilo na mpangilio, sasa likiwa ndani ya mashine ambako huwezi hata kulishika. Mtu wa TEHAMA atakuwekea mfumo. Nani aone nini, barua iingie jalada gani, itunzwe miaka mingapi, nakala ipi ndiyo halisi, hayo ni maamuzi yako wewe.

Nimebakiza mzee wako wa masjala, naye nimemfikiria kuliko wote kwenye barua hii. Anajua kila jalada lilipo bila kuangalia popote, na anaondoka Desemba. Ofisi hiyo ina faharasa moja tu, nayo iko kichwani mwake. Atakayekuja Januari atatafuta jalada, atalikosa, atafungua jalada la muda. La asili litakuja kuonekana mwaka unaofuata, hakuna atakayeyaunganisha, na mtumishi mmoja atakuwa na historia mbili zinazopingana. Nimeona mtu akinyimwa cheo kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa kwenye jalada la pili.

Unatakiwa kuandika ripoti ya mafunzo. Usiandike ile ya kawaida ya kueleza historia ya halmashauri na muundo wa idara zake. Muombe mzee ruhusa, kwa adabu, ukae naye saa moja kila jioni baada ya wasomaji kupungua. Anza na reki ya kwanza karibu na mlango. Kwa kila jalada andika namba, jina, mwaka lilipofunguliwa, kama lina juzuu nyingine, kama liliwahi kubadilishwa namba, na majina mengine ambayo watu wanalitumia wanapoliulizia, maana hayo ndiyo hayajaandikwa popote. Muulize kwa nini baadhi yamewekwa yalipo. Utashangaa sababu zake. Orodha hiyo iache masjala nakala moja, nyingine iwe kiambatisho cha ripoti kama ofisi itaridhia, bila majina ya watumishi. Ukimaliza reki mbili tu kabla ya muda wako kwisha, umefanya kazi. Mwenzako naye aanze na ile stoo, ili mkuu wa idara akijibu dokezo lako akute orodha imeshaanza.

Niandikie ukishapata majibu ya dokezo. Likikataliwa, niandikie mapema zaidi.

Mama